Siku Nne Milimani na Mama Mkwe Mtarajiwa

Jumatatu, 13 Mei
Tumetoka Iraklio saa mbili asubuhi. Mimi usukani, Argyro pembeni, mama yake, Bi Evanthia, nyuma na kikapu cha mikate. Siku nne za milima ya Krete, kisha Bi Evanthia aseme kama ananipa binti au hanipi. Amenieleza wazi: mwanamume anamjulia barabarani. Nikamwambia babu yangu alizaliwa Sfakia, milimani huku huku, njia hizi nazijua nje ndani. Babu alizaliwa Pireo, mji wa bandari ng’ambo ya bahari, juu ya duka la viatu. Hayo yatarekebishwa baada ya harusi.

Njia panda. Kibao kimetobolewa risasi hadi jina limekwisha. Vijana wa huku na shabaha zao! Argyro akasema tuulize. Kuuliza? Mwenyeji haulizi! Nikakata kushoto. Bi Evanthia akataka kujua kama mpwa wake Sifis, dereva wa lori la zeituni, naye angekata kushoto. Niliongeza mwendo.

Jumanne, 14 Mei
Kijiji kilekile, mara tatu. Mara ya kwanza Mzee Haridimos, mwenye mgahawa, alitusimamisha akatuletea raki, pombe kali ya huku, na konokono wa kukaanga. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu alishatuwekea viti njiani. “Mwanangu, unatafuta njia au unatafuta konokono?” Wazee wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Bi Evanthia akacheka nao! Raki yangu yote niliumwagia mrehani wa dirishani, maana naendesha. Mrehani haukuonekana vizuri.

Hapo nikapata wazo. Nitalipia meza zote, kimyakimya, wajue mimi ni nani. Nikazuga naenda msalani, nikaacha noti chini ya birika, nikawahimiza wanawake garini. Najua, huku mgeni akilipa amemtukana mwenyeji. Lakini mimi si mgeni. Mimi Msfakia, hata Haridimos nilimwambia!

Jumatano, 15 Mei
Naandika leo mengine ya jana. Hatujafika kona ya tano, gari la mizigo nyuma yetu. Honi, taa. Haridimos! Nikajua ni kisasi, na watu wa huku kisasi wanarithishana. Nikakanyaga mafuta. Kona, mbuzi, kona, genge. Argyro ananipigia kelele nisimame. Bi Evanthia anamwita Bikira Maria kwa majina yake yote. Tulisimama mtaroni, gurudumu moja juu.

Haridimos akashuka, akanirudishia noti zangu, akaniongezea na jibini zima. “Kijana, kwangu mgeni halipi. Damu ya Sfakia ingekuwa inajua hilo.” Akatuvuta kwa kamba. Wakati wa chakula cha jioni Bi Evanthia akasema nimemkimbia mzee mwenye jibini. Niliona aibu, aibu ya kweli. Nampenda Argyro, na nilijua namkosa kwa kujifanya. Nikatoboa yote: Pireo, duka la viatu, mpaka mrehani.

Alhamisi, 16 Mei
Amekubali! Amesema marehemu mumewe alikuwa mwongo kunishinda, na waliishi vizuri tu. Sharti moja: hadi Iraklio usukani ni wa Argyro. Mimi nikae, nitulie, nisiguse kitu. Nikaapa. Argyro akanibusu mbele ya mama yake!

Saa tano. Kituo cha mafuta. Wameingia ndani kununua asali. Gari limeelekea kubaya, litamsumbua Argyro kuligeuza. Ufunguo upo. Kuligeuza si kuendesha.

Saa sita kasoro. Barabara hii nyembamba mno. Kilomita kumi na nne toka kituoni, na pa kugeuzia sijapaona. Nimesimama kidogo niandike. Simu ya Argyro, aliyoiacha kwenye kiti, inaita kwa mara ya tisa, kioo kinaandika: Mama. Hana subira huyu! Bila shaka anataka tupange tarehe ya harusi.