Wageni Wanaolala Nje Chini ya Jiwe la Lipanje

Osmund Komba,
Mshangano,
Songea.
29 Novemba, 1993

Ndugu Afisa Utalii,

YAH: KUAIBISHWA NA WAGENI

Natumaini barua hii itakukuta unalala ndani, kitandani, kama watumishi wenzako wa serikali. Mimi ni mkulima wa mahindi, na nyumba yangu iko chini kabisa ya Jiwe la Lipanje, lile ambalo siku hizi mnalitangaza kuwa mahali pazuri pa kukwea na kupiga kambi. Sina ugomvi na soko huria. Ruksa ni ruksa. Ila ruksa hii inamkosesha binti yangu Leticia mume, na kwa heshima zote, nimechoka.

1. Wageni wanalala nje. Wamepiga mahema mbele ya mlango wangu. Huku kwetu mgeni akilala nje karibu na nyumba ya mtu, haulizwi yeye, anaulizwa mwenye nyumba. Nilikwenda kuwapa vitanda vyetu, wakacheka vizuri tu na kunishukuru. Kijana anayewaongoza, George wa Arusha, alinieleza kwamba wametoka Ulaya makusudi ili waje kulala chini. Nilipomweleza hivyo jirani yangu Zabibu, alinishauri nikitaka kudanganya niwe nafanya mazoezi kwanza.

2. Hawapandi kama watu. Nyuma ya jiwe kuna njia, mbuzi wangu wanaipita kila siku, hata yule mwenye mimba. Niliwaonyesha. Wakaitazama, wakarudi mbele penye ukuta wa jiwe na kamba zao. Wakifika juu hawaokoti kuni, hawarini asali, hawatafuti mnyama aliyepotea. Wanashuka. Kwa huruma nilimpeleka mbuzi mmoja kileleni nikamwacha huko, ili safari yao iwe na sababu. Walimpiga picha.

3. Majirani wanasema wanapanda ili wajitupe kwa sababu nimewanyima chakula. Jumapili iliyopita jumuiya yetu ilikuja na rozari, ikapiga magoti chini ya jiwe kuwaombea. Wa kwanza alipofika chini mzima, akinamama walimpigia vigelegele na kumlisha ugali kwa dagaa wa Nyasa, huku wote wakinitazama mimi.

4. Ili wahesabike kuwa wako ndani, niling'oa mlango wa jiko nikausimamisha mbele ya mahema yao. Kila asubuhi nabisha hodi hapo. Wao wanapita pembeni. Kuku nao wanaingia jikoni watakavyo, na mke wangu Benigna hasemi nami tangu Jumatano.

5. Hapa ndipo penye kidonda. Mzee Athanasi, mshenga aliyetumwa kuleta posa ya Leticia, alifika, akaona mahema, akaona mlango umesimama peke yake uwanjani, akageuza baiskeli bila kuonja pombe ya komoni tuliyompikia. Tumesikia amesema ukoo wa kijana hauwezi kuoa kwa mtu anayelaza wageni ndani ya mifuko. Leticia analia mpaka anaunguza maharage. Naumia, Ndugu Afisa.

Kwa hiyo naomba jiwe lipunguzwe hadi kimo cha kigoda, mtu alipande kwa kukalia. Ikishindikana, lihamishiwe Namtumbo, kule nafasi ipo na mimi sijulikani. Ikishindikana hata hilo, serikali inijengee nyumba moja ya kuzunguka jiwe, mahema na wageni wote. Mlango tayari ninao.

Wasalimie wote ofisini, hasa anayewachemshia chai, na wa nyumbani kwako wanaolala chini ya bati.

Wako niliyeharibiwa jina,
Osmund Komba

N.B. Kabla sijaituma barua hii, jana jioni mvua ya kwanza ilishuka na radi. Wageni wote walikimbilia kwangu wakajaa vitandani. Ilipokatika, mimi na Benigna tukaenda kulala hemani mwao. Asubuhi Mzee Athanasi alipita na baiskeli, akanikuta natoka kwenye hema kwa magoti, huku wageni wanakoroma ndani ya nyumba. Alivua kofia. Amesema hajawahi kuona mtu anayewapa wageni nyumba nzima, yeye na mkewe wakalala nje. Komoni ameinywa kabla ya chai, na harusi ni baada ya mavuno. Tafadhali jiwe msiliguse. Shida imebaki moja tu: wageni wanataka hema lao, na Benigna amefunga zipu kwa ndani. Ameanza kusema nami. Anasema hatoki mpaka mlango wa jiko urudi.