Mlango Wangu na Kifuniko cha Mtaro

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa. Manispaa imezindua Mfumo wa Malalamiko, na mimi nilikuwa mstari wa mbele kabisa, nyuma kidogo ya spika kubwa ya muziki. Kuanzia leo mwananchi halazimiki kupanga foleni. Anabonyeza simu, lalamiko linaruka hadi mezani kwangu, na pale mapokezi, kwenye runinga kubwa ukutani, linatokea doa jekundu. Likishafungwa, doa linageuka kijani. Uwazi! Nimekuwa nikiusema miaka yote, hakuna aliyenisikiliza.

Tuko makarani wawili katika kitengo hiki. Mimi, na yule mama wa meza ya dirishani ambaye nimempachika jina la Bi Nikajionee, kwa sababu kila lalamiko likiingia hunyanyuka, huchukua mwavuli wake na kusema lazima akajionee. Kwa miguu! Katika zama hizi!

Mkurugenzi akatangaza kwamba Jumatatu ijayo, saa nne asubuhi, mwenye kijani kingi ndiye atakuwa Mkuu wa Uwajibikaji. Cheo hicho kina ofisi yake. Ofisi ina mlango. Nimefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye ukumbi wa wazi, nikipigwa na upepo wa feni ya watu wengine. Nautaka ule mlango. Nimeupitia mara mbili leo, nikajaribu kitasa. Kinazunguka vizuri sana.

Jumanne, 4 Machi

Mama mkwe amewasili, na sanduku moja na miwani mbili. Ni mwalimu mstaafu. Alifundisha miaka arobaini na bado anamtazama kila mtu kana kwamba daftari lake halijasahihishwa.

Hata chai hajanywa, akauliza kifuniko cha mtaro mbele ya nyumba kimekwenda wapi. Mke wangu akaeleza kwamba kilivunjika muda mrefu, kwamba shimo linamfika mtu kiunoni, kwamba jirani mmoja keshatumbukia na kikapu chake, na kwamba ana mume anayefanya kazi manispaa. Hilo la mwisho alilisema akinitazama mimi.

Nikawaambia kwa utulivu kuwa mimi ni mtumishi wa umma. Siwezi kupendelea mtaro wa nyumbani kwangu. Huo ndio mwanzo wa ufisadi, watu huanza na kifuniko! Kama wana lalamiko, njia ipo, walipeleke kwenye mfumo kama raia wengine. Nikampa Mama kijitabu cha maelekezo, nilichokihariri kwa mkono wangu mwenyewe. Akavaa miwani ya kusomea, akaanza ukurasa wa kwanza.

Mke wangu akasema basi angalau nitengeneze mguu wa kiti cha Mama, kinayumba. Nikamjibu kama ninavyojibu siku zote: nimelipokea kwa mikono miwili. Mama akainua macho, akaniuliza mikono hiyo miwili huwa inalipeleka wapi baada ya hapo. Ana utani wake, yule bibi.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua siri ya mfumo! Ili kufunga lalamiko, mfumo haukuulizi kama umefanya kazi. Unakuuliza sababu, tena mstari mmoja tu. Nikaandika: "Limeshughulikiwa. Tumelipokea kwa mikono miwili." Nikabonyeza Funga. Kijani! Nikalibandika jibu hilohilo kwa la pili, la tatu, la kumi. Kabla ya chai nilikuwa nimefunga arobaini na moja. Kuna ukurasa wa ndani unaoonyesha jina la mlalamikaji na mtaa wake, lakini ukiufungua kila mara utafika lini? Isitoshe, haki haitazami sura ya mtu.

Bi Nikajionee amefunga mawili. Alirudi saa tisa na matope hadi magotini, akisema taa moja imewaka na bomba moja limezibwa. Nikampongeza. Mwenzako akizama si vizuri kumcheka.

Halafu lipo sanduku la Maoni na Mapendekezo ya Wananchi. Lo, watu wana maneno! Mmoja ameandika kurasa nne kuhusu vivuko vya barabara. Nikachimbua kwenye mipangilio, nikakuta kitu kinaitwa jibu la kujiendesha. Nikalitegesha na jibu langu lilelile. Sasa kila wazo la mwananchi likiingia linajibiwa papo hapo na kufungwa lenyewe, bila mkono wa mtu. Serikali nyingi zinatafuta jambo hili kwa darubini, mimi nimelipata kati ya chai na chakula cha mchana.

Nitahitaji zulia la ofisi. Dogo tu.

Alhamisi, 6 Machi

Kuna mtu ananichokoza.

Asubuhi nilifunga lalamiko moja la mtaro, kama mengine yote. Nusu saa baadaye limerudi, jekundu. Kumbe mfumo unamruhusu mwananchi kufungua tena! Ameandika: "Si kweli. Kifuniko hakipo." Nikajibu kuwa kipo, nikafunga. Likarudi: "Nimesimama hapa. Nakitafuta. Kiko wapi?" Mkaidi! Kijani changu mia moja na kumi na mbili, halafu doa moja linawaka katikati kama upele. Watu pale mapokezi wakaanza kulinyooshea kidole.

Nikaandika: "Mlalamikaji anashauriwa avae miwani. Tumelipokea kwa mikono miwili." Nikacheka peke yangu mpaka Bi Nikajionee akageuka. Nikamsomea. Hakucheka. Aliniuliza kama nimeangalia ni mtaa gani. Nikamwambia mtaa si hoja, hoja ni nidhamu ya mwananchi.

Jioni mezani, Mama alikuwa akisukuma kikombe chake huku na huko. Mke wangu akamsihi aseme kinachomsumbua. Akasema taratibu, huku akipaka siagi mkate wake, kwamba kuna mtu huko manispaa amemwambia avae miwani.

Nilipandwa na hasira ya kweli. Nikagonga meza. Nikasema watumishi wa namna hiyo ndio wanaotuangusha, kwamba mtu kama huyo anatakiwa kuanikwa hadharani, mtu mzima kama Mama, mwalimu, kuambiwa av…

Hapo mkate ulinikwama kooni. Mke wangu alinipiga mgongoni mara tatu, mara ya tatu kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

Mama aliniuliza kama nimepaliwa. Nikasema chai ni ya moto. Ilikuwa imepoa kabisa.

Ijumaa, 7 Machi

Nilifungua ule ukurasa wa ndani. Ni mtaa wangu. Ni nyumba yangu. Ni mtaro wangu. Na lalamiko limefunguliwa tena, mara ya tatu, kwa neno moja: "Nimevaa."

Nifanye nini? Nikimkabidhi fundi, lazima nijaze fomu, na fomu inauliza kwa nini nilisema kifuniko kipo wakati hakipo. Nikikiri, mlango kwaheri. Nikilifunga tena hivihivi, Mama atafungua mara ya nne, na mara ya nne lalamiko huenda moja kwa moja kwenye simu ya Mkurugenzi. Liko wazi kwenye kijitabu, ukurasa wa tisa. Niliuandika mimi! Nilijipalia makaa kwa mwandiko mzuri.

Mama amefika ukurasa wa nane. Nimemwona.

Nikajaribu kukificha kijitabu chini ya mto wa kochi. Akakaa juu ya kochi, akakitoa, akanishukuru kwa kumtunzia.

Jumamosi, 8 Machi

Akili ni mali. Nimepata ufumbuzi.

Stoo ya ofisi kuna ule ubao mkubwa wa plaiwudi wa siku ya uzinduzi, umeandikwa UWAJIBIKAJI UNAANZIA HAPA kwa herufi nyekundu. Hakuna anayeutumia. Nimeubeba kichwani hadi nyumbani, nikimwambia kila aliyeniuliza kwamba ni mradi. Ukatosha juu ya shimo, barabara kabisa. Nikaupaka rangi ya kijivu iliyobaki tulipopaka geti. Ukiutazama kwa mbali ni zege tupu. Ukiutazama kwa karibu, usiutazame kwa karibu.

Nikawaita. Mke wangu akaugusa kwa ncha ya ndala, akaniuliza unabeba uzito wa mtu? Nikamwambia mtaro hufunikwa ili watu wauone umefunikwa, mambo ya uzito ni ya wahandisi. Mama alisimama kibarazani na miwani zote mbili, moja puani, moja kichwani. Alisema kitu kimoja tu, kwamba rangi haijakauka.

Nimefunga lalamiko. "Limezibwa rasmi." Hili sasa si uongo.

Jumapili, 9 Machi

Rangi imekauka. Herufi nyekundu zimeanza kutokeza. Saa tatu ilikuwa UWAJIB. Kufika saa saba, neno zima.

Nimeweka chungu cha maua juu ya UWAJI. Ubao ukalia. Nimekiondoa.

Mama amefika ukurasa wa tisa. Amemwomba mke wangu amwazime simu yenye kamera nzuri.

Jumatatu, 10 Machi

Nitaandika kwa kifupi, mguu unauma.

Saa mbili na nusu nilikuwa na kijani mia moja na themanini na sita. Bi Nikajionee kumi na moja. Nilikuwa nimekwisha kuchagua upande ambao meza yangu itaelekea. Saa tatu Mkurugenzi akatoka ofisini na simu mkononi. Akasema amepokea picha ya mtaro kutoka kwa mwalimu mstaafu, na picha inamshangaza, haelewi ni mtaro au ni tangazo. Akataka tuende wote watatu. Bi Nikajionee tayari alikuwa ameshika mwavuli.

Njiani nilieleza mengi kuhusu sera. Nilisema teknolojia bila imani ya mwananchi ni gari bila magurudumu. Mkurugenzi aliitikia kwa kichwa. Tukakata kona, na ile kona ilikuwa ya kwangu.

Majirani walikuwa wamejaa nje. Mke wangu amefunga mikono kifuani. Mama kaketi kibarazani kwenye kile kiti kinachoyumba. Mkurugenzi akauinamia ubao, akausoma wote, akauliza nani kaziba hapa. Ningeweza kunyamaza. Lakini watu walikuwa wengi na wote wananitazama, nikasema nimesimamia mimi binafsi.

Akafurahi! Akasema huo ndio moyo anaoutafuta, mtumishi anayetoka mezani. Akatoa simu yake, akaniomba nisimame juu ya kifuniko anipige picha ya jarida la manispaa.

Picha! Ukurasa wa mbele! Nikanyoosha tai, nikaingiza tumbo ndani, nikapanda. Mguu mmoja ulikuwa salama kabisa. Ule wa pili ndio ulioleta habari. Sikusikia kishindo, nilisikia tu kwamba majirani wamekuwa warefu ghafla. Nikajikuta nimezama hadi kiunoni, na kipande cha ubao kimesimama mbele ya kifua changu. Kimeandikwa UNAANZIA HAPA.

Mkurugenzi alikuwa ameshabonyeza.

 Ndipo Mama akainuka, akashuka ngazi polepole, akaja hadi ukingoni, akavua miwani ya kichwani na kunishushia.

"Vaa, mwanangu," akasema. "Kifuniko hakipo."

Walicheka hadi mbwa wakaanza kubweka. Bi Nikajionee peke yake hakucheka. Alikunja mwavuli wake, akaninyooshea ncha nishike, akanivuta.

Jumatano, 12 Machi

Nimelala kochini, mguu juu ya mto. Kifundo kimevimba lakini mimi mzima, na nimepata wasaa wa kutafakari.

Mafundi walikuja jana asubuhi. Bi Nikajionee ndiye aliyewaleta. Hadi saa sita kulikuwa na kifuniko kipya cha zege, na Mama alisimama juu yake akaruka mara mbili ili ahakikishe. Mke wangu alilia kidogo. Alisema amekuwa akiruka shimo lile miezi minane, na mara nne alimwota mtoto wa jirani ndani yake. Hilo sikulijua. Liliniuma, nikamwambia hivyo, akanishika bega. Kisha akasema kiti cha Mama bado kinayumba. Nimelipokea.

Mlango amepewa Bi Nikajionee. Na mnajua ameufanya nini? Ameuacha wazi! Ameuwekea tofali usijifunge. Kitasa kile kinaoza bure.

Mimi Mkurugenzi ameniagiza, nikipona, niende kwa miguu kwenye malalamiko yote mia moja na themanini na sita, moja baada ya jingine. Mama ameahirisha safari yake. Kila jioni nitamsomea ripoti na yeye atasahihisha kwa kalamu nyekundu. Mke wangu ananiambia Mama alijua ni mimi tangu jibu la kwanza kabisa. Amejuaje? Hapana jina kwenye majibu yale! Bila shaka ana mtu wake pale ofisini. Nitamtafuta.

Lakini sikukaa bure. Nimechunguza kosa lilikuwa wapi, na nimelipata. Si uvivu wala uongo, kama baadhi ya watu wa nyumba hii wanavyodai. Ni kile kitufe cha kufungua tena! Mwananchi akinyimwa kitufe hicho, kila kitu kitabaki kijani na nchi itatulia. Nimeandika kurasa kumi na moja, Mapendekezo ya Kuboresha Uwajibikaji, yenye jedwali. Nimeyatuma sasa hivi kwenye mfumo, kupitia sanduku la Maoni na Mapendekezo, kama raia wa kawaida. Sitaki upendeleo.

Dakika haijaisha, nimejibiwa! "Limeshughulikiwa. Tumelipokea kwa mikono miwili."

Kurasa kumi na moja, mtu kazisoma na kuzishughulikia kabla sijaweka simu chini! Hiyo ndiyo huduma. Basi bado yuko mtu mmoja pale ofisini anayejua kazi yake. Nikipona, huyo ndiye wa kwanza nitakayemtafuta, nimpe mkono.