Zuena Kwenye Mkia wa Joka

Mungu hamtupi mja wake, hata mja mwenyewe akiwa tapeli. Siku hiyo Assumani alikuwa amekaa mbele ya duka la vitambaa la Papa Yunus, sokoni Kisangani, akimalizia lituma, ndizi za kupondwa, aliyonunuliwa na mtu asiyemjua, mara akasikia mtoto analia.

Alikuwa Asha, binti wa Papa Yunus, na siku ya pili hiyo hajala. Sababu ilikuwa Zuena, yule msichana wa vitabu vya picha vinavyochorwa Kinshasa. Vitabu saba vilishatoka. Cha saba kiliishia Zuena akining'inia kwenye mkia wa Joka la Mawingu, na cha nane, cha mwisho, hakikuja. Miezi kumi na minne binti wa watu ananing'inia, na mji mzima hauna wa kumshusha.

Assumani hakuwahi kufungua hata kimoja. Ila alijua kwamba kilio cha mtoto wa tajiri hakidondoki bure, na yeye alikuwa na kilio chake. Papa Djuma, baba yake Malika, alikuwa amemwambia alete mbuzi wawili wa mahari kabla ya Jumapili jioni. Asipoleta, Malika ataolewa na karani mmoja wa uwanja wa ndege wa Bangboka, mtu mwenye mshahara na jino la dhahabu. Na Assumani alimpenda Malika. Katika yote yaliyowahi kutoka kinywani mwake, hilo peke yake halikuwa uongo.

"Papa Yunus," alisema huku akifuta vidole, "kitabu iko. Mwenye kuchora ni mukubwa yangu, tulisoma naye. Anangoja tu kujua mutoto gani ataua joka."

"Mutoto gani?"

"Bon. Ndiyo ulizo."

Akaeleza kwa masikitiko kwamba msanii yule hashiki pesa, pesa humkaushia wino. Hupokea tu kitu chenye pumzi. Mbuzi, kwa mfano. Papa Yunus hakuwa mjinga, lakini aliona bintiye akiua joka mbele ya Kisangani yote, na hasa mbele ya Mama Françoise, muuza viatu wa duka la ng'ambo ya barabara. Kabla ya adhuhuri mbuzi alikuwa na kamba shingoni, na Asha amekubali uji, uji tu mpaka kitabu kije.

Alasiri Mama Françoise alishapata habari. Mwanawe Bonheur ni wa kwanza darasani. Atashindwaje na Asha katika kuua joka? Akaleta mbuzi na mabata wawili juu yake. Assumani akawaahidi wote wawili joka lile lile, akaapa kwa kaburi la mama yake, mama ambaye saa hiyo alikuwa mtaani Mangobo akiuza pondu, majani ya muhogo, mzima wa afya.

Kilichobaki ni kitabu. Akamwendea Florentine, mchora vibao, aliyekuwa juu ya ngazi akimalizia nywele za bibi mmoja kwenye ukuta wa saluni. Florentine alikuwa amesoma Zuena wote saba. Alisikiliza mpango mzima, hakushtuka, akaomba kitu kimoja tu: jina lake liwe kwenye jalada.

Assumani alicheka. "Florentine, nani anajua Florentine? Weye chora tu."

Florentine alimtazama kidogo, akasema sawa. Mwanamke akisema sawa namna ile, mwenye akili huanza kukusanya nguo zake. Assumani yeye alimletea mbuzi na mabata awafugie katika parcelle yake, kiwanja chenye ua, maana mwenye nyumba aliyempangisha alikuwa hataki hata wageni.

Florentine alichora siku nne. Jumamosi alasiri akamkabidhi kitabu kimefungwa kwa karatasi ya saruji, akamwonya asikifungue mpaka wakati wa kusoma, rangi bado mbichi. Assumani hakukifungua. Mtu mzima na majoka wapi na wapi?

Na mjini pale kitabu kimoja husomewa wengi. Mwenye nacho husimama, husoma, kisha huwageuzia watoto picha, ukurasa kwa ukurasa. Jioni hiyo watoto arobaini walijaa mbele ya duka, Papa Yunus na Mama Françoise wamekaa vitini wakinuniana. Assumani akaanza, na sauti akaigiza: ya Zuena nyembamba, ya joka nzito.

Ukurasa wa tatu Zuena akashuka mkiani, na watoto wakashangilia. Ukurasa wa tano Asha na Bonheur wakatokea na mikuki, wazuri kuliko walivyozaliwa, na wazazi wakaanza kutabasamu. Ukurasa wa nane joka likasema, kwa sauti nzito ya Assumani, kwamba halijawahi kula mbuzi wa mtu. Mbuzi waliibwa na mwanadamu mmoja, mwongo, mwenye kofia nyekundu yenye kiraka cha bluu. Assumani aliyasoma yote kabla masikio yake hayajaelewa. Kofia yake ilikuwa kichwani, na kiraka alikishona mwenyewe.

"Soma, tonton," watoto wakamhimiza.

Akasoma, sauti inapungua. Watoto wawili wakalisamehe joka, wakamkamata mwizi pamoja. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na lori. Juu ya magunia alikaa mwanamke mwenye rangi vidoleni, mbuzi mmoja kila upande, mabata mapajani, anapunga mkono. Kibao cha njiani, kilichoandikwa vizuri sana, kilielekeza Bengamisa. Chini yake Assumani akasoma kwa sauti, kwa kuwa arobaini walikuwa wanangoja: "Mwisho. Amechora Florentine."

Makofi yalivuka soko. Mama Françoise alimshika Papa Yunus mkono, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu wafungue maduka. Asha aliomba chakula. Assumani alitaka kupiga kelele za mwizi, akakumbuka ataulizwa mbuzi ni wa nani.

"Tonton," Asha akauliza huku akitafuna, "juu ya nini muizi iko na kofia kama yako?"

Jumapili jioni alifika kwa Papa Djuma mikono mitupu, kichwa wazi. Aliyefungua mlango ni Malika, na nyuma yake wadogo zake walikuwa wanacheza joka na mwizi uani. Malika alimwangalia kichwa.

"Assumani," alisema polepole, "kofia yako iko wapi?"

Assumani, kwa mazoea, akainua mkono kuishika kofia isiyokuwapo.