Shetani wa Mkorosho

Jumanne, 2 Septemba 2025

Leo nimeaibishwa mbele ya majora ya vitambaa. Bi Mumtaz, mwenye duka la nguo pale Chikongola, anataka kibao kipya, kirefu, cha kufunika uso mzima wa duka. Mchoraji atakayekipata kibao hicho, mji mzima utamjua. Tuliokwenda kuomba kazi ni wawili: mimi na Godfrey, jirani yangu wa Chuno, banda kwa banda, adui kwa adui. Bi Mumtaz kasema anataka mtu anayejulikana kwenye shule ya sanaa. Godfrey katoa simu, kamwonyesha picha yake amesimama mlangoni pa ile shule ya zamani ya sanaa na ubunifu, Mikindani. Mlangoni tu! Lakini Bi Mumtaz katikisa kichwa kwa heshima.

Nikamkumbusha kwamba wanawake wote waliochorwa kwenye saluni za Chuno ni kazi ya mkono wangu. Kajibu kuwa ameshawaona, na wote wana sura yangu, kasoro masharubu.

Jumamosi shule inapokea wageni, na Bi Mumtaz atakwenda. Basi akifika aikute kazi yangu mimi Hashimu rafuni, katikati ya kazi za wakongwe. Nani ataiweka? Hashimu. Akili ni nywele, na zangu zimeota vizuri.

Jumatano, 3 Septemba

Pale shuleni wanaheshimu uchongaji wa mpingo. Mpingo ni ghali, tena mgumu kama moyo wa mama mkwe. Nimekwenda shamba la shemeji, njia ya Naliendele, nikakata tawi la mkorosho. Sikuwaona maji moto. Wao waliniona. Wale siafu wekundu wanaingia kwenye shati wakiwa wamekubaliana.

Nimeanza kuchonga simba. Sikio likaruka. Nikamgeuza mzee mwenye mkongojo. Mkongojo ukakatika, na pua ikaufuata. Magharibi ilipofika alikuwa shetani. Uzuri wa shetani ni huo: hakuna aliyemwona akasema mguu si wake. Wamakonde wamechonga mashetani miaka yote na hakuna aliyewasahihisha.

Mke wangu Zuhura kauliza kama hicho ni kigoda.

Alhamisi, 4 Septemba

Mkorosho ni mweupe na mpingo ni mweusi. Tatizo dogo. Nimempaka shetani dawa ya viatu, tabaka juu ya tabaka, nikamsugua kwa soksi mpaka akang'aa. Kwa mbali ni mpingo. Kwa karibu ni mpingo uliotoka gwarideni.

Godfrey kaiona mikono yangu, kauliza kama nimehamia kung'arisha viatu stendi. Nimemwambia nilikuwa natengeneza pikipiki. Kanikumbusha kuwa sina pikipiki. Mtu anayefuatilia mali za jirani namna hiyo ana roho mbaya.

Jumamosi, 6 Septemba

Mwenyezi Mungu nisitiri.

Nimefika Mikindani mapema, shetani ndani ya kikapu, amefunikwa kanga ya Zuhura. Shule yenyewe ni jengo la mawe ya matumbawe, kuta nene, boriti za mikoko, mlango wa nakshi ambao Godfrey alijipigia picha mbele yake. Ndani kuna benchi zilizolika kwa matako ya wanafunzi wa enzi za babu. Nimeona tezo na patasi zimepangwa ukutani, na michoro ya kanga ya zamani sana. Nakiri, nilivua kofia. Kisha nikakumbuka kilichonileta, nikamweka shetani rafuni, kati ya mabinti wawili wa mpingo waliochongwa zamani.

Aliyetutembeza ni Mwalimu Upendo, mkuu wa shule, mwanamke wa miwani na sauti ya kengele. Na wachongaji alizungumza Kimakonde kitupu, cha mbio, cha kuchekesha. Nikafurahi moyoni. Mimi ni Myao. Myao na Mmakonde ni watani, na mtani hakasirikiwi. Nikajua mambo yakiharibika, mlango wa kutokea upo.

Bi Mumtaz kasimama mbele ya shetani wangu. Kasimama sana. Kasema huyu ana huzuni ya kweli. Nusura nilie. Kisha akambeba! Na joto lile la mchana, na dawa ile ya viatu. Kamrudisha, kajipangusa jasho la uso, na kutoka paji hadi kidevu Bi Mumtaz akawa na mistari mitano myeusi. Mtandio wake wa rangi ya maziwa ukawa wa rangi ya matope. Godfrey akainusa ile mistari kwa mbali, akatangaza kwamba inanukia viatu vya shule.

Mwalimu Upendo kauliza nani kaleta kitu hiki. Watu wote wakatazama mikono yangu. Nikaona sasa ndiyo saa ya utani. Nikajitokeza nikicheka, nikachukua kitumbua alichokuwa nacho Mwalimu mkononi, nikakila, nikamwambia mbele ya wageni kwamba Wamakonde tangu lini wakatambua mpingo, leo Myao kawauzia mkorosho ndani ya nyumba yao wenyewe.

Wachongaji walikuwa wamerudi uani kazini; aliyecheka ni mlinzi wa shule peke yake. Ndiye Mmakonde.

Mwalimu Upendo ni Mpare. Kazaliwa Newala, Kimakonde kanyonya huko, lakini ni Mpare wa Same, baba na mama. Na baba yake alikuwa Newala kwa kazi gani? Hakimu! Katika makabila yote ya nchi hii nimemnyang'anya kitumbua mtu wa kabila ambalo huuza ng'ombe ili lishinde kesi ya kuku. Kanieleza taratibu kwamba Wapare na Wayao hawana utani wowote, kwa hiyo alichokiona yeye ni mtu mzima kumpora chakula na kumtukania wenyeji wake. Nifike Jumatano, la sivyo tutaonana baraza la kata.

Jumapili, 7 Septemba

Sikula. Bi Mumtaz kampa Godfrey kibao. Imeniuma, siwezi kusema haikuniuma. Kibao kile nilishakiona kichwani, na jina langu dogo pembeni, chini, watu wakisimama kulisoma.

Zuhura kasema ningempelekea Bi Mumtaz herufi tatu nzuri kwenye ubao, huenda ningepata kazi. Hajui sanaa. Halafu anadai kanga yake imekuwa nyeusi.

Jumatano, 10 Septemba

Nimekwenda Mikindani na sahani ya vitumbua na utetezi niliokariri njia nzima. Sikuutumia. Mwalimu Upendo kahesabu vitumbua, kasema kesi ya chakula imekwisha. Ya matusi nimwombe radhi mlinzi. Mlinzi kaniambia Myao haombi radhi, anatozwa, akanivua kofia, akaivaa. Huyo ndiye mtani.

Nikaomba shetani wangu. Mwalimu kakataa. Kanipeleka darasani. Loo! Shetani yupo mbele ya darasa, juu ya meza yake peke yake, na chini yake kibao safi: HIVI SIVYO. Mchongaji: Hashimu, Chuno. Kasema kila mwanafunzi mpya ataanzia hapo kabla hajapewa patasi.

Nimekisoma, nikakisoma tena. Kila mwanafunzi! Nimezunguka vyumba vyote kutafuta jina la Godfrey. Halipo popote.

Jioni nimepaka upya uso wa banda langu, herufi nyekundu: KAZI ZANGU HUFUNDISHIWA SHULE YA SANAA, MIKINDANI. Godfrey kasimama kuzisoma mpaka chai yake ikapoa. Kesho nampitia Bi Mumtaz, bila shaka ana duka jingine mahali.

Halafu nimekumbuka: ile meza ya darasani ni pana, na shetani kakaa upande mmoja tu. Nimepita dukani, nikanunua dawa ya viatu, ya kahawia safari hii.

Zuhura kauliza viatu vyenyewe viko wapi.