Fomu ya Mpangaji Mtulivu

Jumamosi, tarehe tatu Agosti. Asubuhi kulikuwa na manyunyu na baridi ya kuvalia sweta. Leo Chama cha Wenye Nyumba za Kupangisha kinautangazia umma kwamba kelele zimekomeshwa rasmi.

Mimi ni katibu. Nilifungua kikao kwa sala, nikamwomba Mungu aibariki Fomu ya Mpangaji Mtulivu, yenye maswali arobaini, ambayo mwenyekiti wetu aliitunga baada ya miaka mingi ya kuteswa na wapangaji. Kisha wajumbe walipeana uzoefu. Mmoja alishauri tuwaulize waombaji hupiga chafya mara ngapi kwa siku. Mwingine alisema yeye hupangisha watu wanaotembea kwa ncha za vidole tu, na vyumba vyake vimekaa vitupu miaka miwili kwa amani kubwa. Tulimpongeza.

Ndipo akaingia mshonaji wa sare za shule, mtoto mgongoni, furushi la nguo mkononi. Alikuwa amefukuzwa alikopanga asubuhi hiyo hiyo, kwa sababu mtoto anaota meno. Chumba kimoja cha mwenyekiti kilikuwa wazi, mama huyo akakiomba.

"Mtoto analia?" mwenyekiti aliuliza.

"Baba, ni mtoto. Ulitaka aandike barua?"

"Swali la nne umeanguka. Katibu, msomee kanuni."

Nilisimama, maana kanuni haisomwi kwa kukaa. "Mtu yeyote asiyefaulu fomu hii asilale katika nyumba ya mwanachama."

Mama alimtikisatikisa mtoto. "Samahani, baba. Wewe jana ulilala wapi?"

"Kwangu, bila shaka."

"Na wewe ni mwanachama?"

"Kadi namba moja!"

"Fomu yako iko wapi?"

Mwenyekiti alicheka. Kisha akanitazama. Nilipekua faili mara mbili. Haikuwemo. Kanuni ilisema mtu yeyote, nami sikupata hati yoyote ya kuthibitisha kwamba mwenyekiti si mtu.

Kikao kikamsaili papo hapo. Swali la tisa, kukoroma. Mweka hazina, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikula kiapo.

"Mzee huyu akilala, vikombe vyangu hutembea kabatini."

"Nyamaza, msaliti wewe!"

"Katibu, andika na swali la kumi na mbili, kufoka," mweka hazina akaongeza.

Swali la ishirini, mgeni asizidishe siku mbili. Mama mkwe wake yuko mwaka wa sita. Kwa masikitiko, na kwa mwandiko mzuri, nilimwandikia mwenyekiti notisi ya kuhama nyumbani kwake kabla ya jua kuzama. Nikaigonga muhuri.

"Jamani, nitalala wapi?" aliuliza.

"Swali hilo nimeuliza tangu asubuhi," mama akasema.

Mwenyekiti aliwageukia wajumbe wamtetee. Wote walitazama viatu vyao, kila mmoja akihesabu wakwe zake. Nikamweleza kwamba kanuni hufutwa kwa tamko la mwenyekiti mbele ya mashahidi. Akasimama, akainua mkono wa kulia. Mtoto alikuwa ameanza kulia kwa nguvu zake zote, hivyo ikambidi apige kelele ili asikike:

"Mbele ya Mungu na wajumbe hawa, naifuta kanuni hii, na naahidi: mama huyu analala kwangu leo, na mtoto alie mpaka meno yote yatoke!"