Sayari ya Mama Oliva

Jumatatu, 3 Oktoba 1994
Nimeokoka! Tangu ushirika utupunguze kazini nimekaa tu hapa Kitangari, nyumbani kwa mke wangu, nikihesabiwa matonge na mama mkwe. Leo gazeti lililofungiwa dagaa lina tangazo: shindano la riwaya za vijana, mambo ya sayansi na sayari za mbali, zenye hasira za wanawake. Mshindi atachapishiwa kitabu. Waandishi wawe wanawake tu. Uonevu ulioje! Basi nitatumia jina la mke wangu Agatha, Mama Oliva. Yeye hana haja ya kujua. Mama mkwe keshasema: mwezi ukiisha bila kuonyesha kazi, Baba Oliva arudi kwa mama yake kijijini Mnyambe. Afadhali nife.

Alhamisi, 6 Oktoba
Sayari ninayo. Hasira sina. Toka asubuhi najaribu kukasirika kama mwanamke, wapi! Saa sita Agatha akarudi na ndoo toka bondeni, alikokwenda tangu alfajiri. Nikayachukua maji yale nikaoga yote. Mama yangu! Alisema mpaka jua likazama, Kimakonde kitupu, nami nyuma ya banda la kuku naandika. Kurasa kumi na moja. Ana kipaji mwanamke huyu, basi tu hajijui.

Jumapili, 9 Oktoba
Nimemsomea Nurdini, fundi cherehani, sura ya kwanza. Kwenye sayari yangu nyumba ni ya mwanamke, mume huhamia ukweni, watoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji. Nurdini akasimamisha cherehani. Akauliza hiyo sayari iko umbali gani na hapa Kitangari, maana yeye haoni tofauti. Nikaongeza miezi miwili angani. Akasema sasa ni Kitangari yenye mbalamwezi nyingi. Nimerudi nyumbani nalia, kweli nalia.

Jumatano, 12 Oktoba
Siku tatu natafuta kitu ambacho hakijapata kuonekana duniani. Hakuna! Nikajidai namuulizia rafiki, nikamuuliza Agatha. Alikuwa anaokota korosho, hata hakuinua kichwa. Akasema: mwanaume anatoka bondeni na ndoo kichwani, si maji ya kuuza kwa baiskeli, ya kunywa mkewe. Nikaishiwa pumzi. Akaendelea kwamba wanamwambia nyumba yake, shamba lake, watoto wake, na ndoo nayo ikawa yake. Angekuwa na uwezo angewahamishia wanawake wote kwenye nyota, wanaume wabaki na kiu yao. Nimeandika yote, neno kwa neno. Mwisho wa kitabu nimeubuni mwenyewe: malkia wa sayari anamsamehe mumewe.

Jumanne, 18 Oktoba
Balaa. Fomu ya shindano ilitaka sahihi ya mwandishi. Nikampa Agatha, nikasema ni ya kliniki ya Oliva. Nilisahau kuwa mke wangu husoma kwanza! Akadai na madaftari ya riwaya. Akasoma yote matatu, ukurasa kwa ukurasa, heri angenipiga. Akauliza mara moja tu ni nani huyu mume wa malkia anayeoga maji ya watu. Nikajibu ni kiumbe wa sayari nyingine. Akachukua kalamu, akaufuta ule msamaha, akaandika mwisho wake kurasa sita, akasaini, akaenda Newala kuposti. Jioni nimekuta begi langu nje mlangoni. Kwetu huku mume akiona begi nje haulizi.

Ijumaa, 21 Oktoba
Mjomba wake, Mzee Cecil, kaja kutusuluhisha. Shikamoo yangu aliiitikia marahaba akiangalia pembeni. Akasema Agatha hajanichoka kabisa, ila ana sharti: siku saba, ndoo moja kila siku, toka bondeni, kichwani kwangu mimi. Ndipo niingize begi. Nikakubali kwa machozi. Nampenda, jamani! Sikujua kama nampenda hivi.

Jumapili, 23 Oktoba
Jana ilikuwa ndoo ya kwanza. Nikachungulia ule mteremko, nikageuza njia. Nikamshika Mohamedi, muuza maji wa baiskeli, nikampa shati langu la ushirika, akanijazia ndoo. Nikajilowesha kifua, nikaweka ngata kichwani, nikaingia uani nahema. Agatha akanitua ndoo kwa mikono yake miwili. Alitabasamu! Zilibaki siku sita tu! Akachota, akanywa, akatema. Maji yananuka mafuta ya taa. Dumu la Mohamedi Kitangari nzima wanalijua. Nikasubiri anitukane. Hasira zote zile, hata neno moja hakunipa. Akamwaga maji, akachukua ndoo, akashuka bondeni.

Jumanne, 25 Oktoba
Mnyambe, kwa mama. Nimekwisha. Nimeanza riwaya mpya, ya mwanaume anayeonewa na sayari nzima. Mama karudi kutoka bondeni sasa hivi, anatua ndoo, miguu inamtetemeka. Nimemwomba anichotee kikombe, maana toka asubuhi naandika, koo limekauka. Hakuna anayejua mateso ya mwandishi.