Fezi Moja, Mota Mbili na Vifaranga wa Teodora

Ijumaa, 4 Julai 2025. Makambako. Upepo unakata masikio.

Imefika! Mashine ya kukereza vyuma! Nimeichukua kwa fundi mzee wa Kidugala aliyechoka na kazi. Nzito ajabu. Wanaume wa mtaa mzima wameishusha na hakuna aliyevunjika mguu. Asante Mungu.

Sasa mimi, Dionis, nina karakana. Ni banda la nyuma ya nyumba. Nusu yangu, nusu ya mke wangu Teodora, anayelea humo vifaranga aliowaagiza kutoka Matembwe. Wana taa yao ya joto. Mimi nina mashine. Kila mtu ana chake.

Kasoro moja ndogo tu. Mashine inataka umeme wa fezi tatu, ule wa viwandani, na nyumba yetu ina fezi moja.

Nahumu, fundi wa kuchomelea wa ng'ambo ya barabara, anazo zote tatu. Amekuja kuangalia. Kwa upole kabisa akasema kwake kuna kona wazi, nikipenda niihamishie mashine huko. Nimemshukuru. Nikamwambia injinia haombi kona. Yeye kibao chake kimeandikwa FUNDI MKUU. Alipoondoka nikachora changu: INJINIA DIONIS. Herufi zangu ndefu kuliko zake. Nimepima.

Tayari nina kazi! Modesta, anayetusagia unga hapa mtaani, shafti ya mashine yake imekatika. Wanawake wanajitwisha mahindi mpaka ng'ambo ya reli. Nimemwahidi shafti mpya Jumatatu. Ameniamini. Nimeguswa sana.

Jumamosi, 5 Julai

Nimewasha. Mashine ikaunguruma, ikatetemeka, haikuzunguka. Mota ikaanza kunuka. Nikazima. Nashukuru kwa pua niliyopewa.

Nikakumbuka kitu nilichokiona kwenye simu. Unatafuta mota nyingine ya fezi tatu. Unaizungusha kwanza kwa nguvu zako, kisha unaipa ile fezi moja uliyo nayo. Ikishachanganya mwendo, yenyewe inazalisha fezi zinazopungua na kuilisha mashine. Umeme unazaliwa bandani! Kwa nini watu wote hawafanyi hivi?

Nimeipata mota kwa muuza vyuma chakavu. Nimeiita Mama. Kuiamsha unaviringisha kamba kwenye shafti yake, unavuta kama unayewasha jenereta. Kamba nzuri pekee hapa nyumbani ilikuwa ya kuanikia nguo. Nilidhani nimezitoa nguo zote. Teodora aliuliza kama sketi yake ya kwaya nayo ni sehemu ya uinjinia. Nilimwomba radhi. Amesamehe. Mke wa namna hii simstahili.

Nilivuta, nikaanguka chali. Nikavuta tena, nikaangukia ndoo. Nikavuta tena, Mama akaamka! Nikampa umeme, akashika! Nikawasha mashine nayo ikazunguka! Machozi yalinitoka.

Ilikuwa inazunguka kinyumenyume. Kichwa cha kushikia chuma kikajifungua chenyewe, kikaruka, kikatoboa bati la ukutani na kutua kwenye matuta ya viazi. Hakukuwa na mtu shambani. Nimepiga magoti palepale kwenye tundu na kushukuru.

Jumapili, 6 Julai

Kanisani nimetoa shukrani kwa sauti. Mchungaji alingoja hadi nilipomaliza.

Mchana nimezipishanisha waya mbili, na mashine sasa inazunguka upande wake. Nimekereza kipande cha majaribio. Kinang'aa kama kikombe cha ushirika! Kweli, kila Mama anapoamka taa za nyumba nzima zinafifia na vifaranga wanashtuka. Watazoea.

Nahumu amekuja kunipongeza. Amenishika mkono kwa mikono miwili. Kisha akanusa, akasema meni swichi yangu inatoa harufu, niipumzishe. Nikamwambia hiyo ni harufu ya maendeleo. Hakucheka. Nadhani ni wivu.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba.

Meni swichi imeyeyuka.

Nilikuwa katikati ya shafti ya Modesta. Mlio mmoja, moshi, kimya. Hakuna umeme nyumba nzima. Ni sikukuu, maduka ya vifaa yamefungwa. Nimezunguka mji mzima kwa baiskeli, bure.

Niliporudi nilimkuta Teodora amechuchumaa bandani. Taa ya vifaranga imezimika, na upepo unaingia kwa lile tundu langu la juzi. Walikuwa wamerundikana kwenye kona, mmoja juu ya mwingine, wanalia kwa sauti moja nyembamba. Teodora hakunifokea. Angenifokea ningepumua. Aliwafunika kwa khanga na kusema wale wa chini wanakosa hewa. Vifaranga hao ndio wanaotuweka mjini. Mashine bado haijatulisha hata mlo mmoja.

Nikawatia wengine ndani ya koti langu. Nikaziba tundu kwa kibao changu. Mkaa ulikuwa umekwisha. Nikakaa sakafuni na koti linalolia, sina hila hata moja kichwani. Sijawahi kuwa hivyo.

Ndipo akaingia Nahumu na maboksi matupu.

"Kamwene, Baba Janeth," akanisalimia kwa Kibena, kwa jina la binti yangu. "Walete kwangu."

Nikaanza kumweleza habari ya Mama, na fezi, na jinsi shafti ilivyokaribia kuisha.

"Utanieleza njiani. Shika boksi."

Tumevuka barabara wote watatu, tumekumbatia maboksi. Elina, mke wa Nahumu, alikuwa ameshaondoa meza sebuleni na kushusha taa karibu na sakafu. Tukawamwaga pale. Kwa muda hawakusogea. Teodora alinishika mkono wa koti bila kujua. Kisha mmoja akatoka kwenye rundo, akanyoosha bawa, akadonoa zulia. Kisha wote!

Wawili hawakufika. Teodora amewazika nyuma ya banda. Nilimchimbia shimo.

Nilimwambia Nahumu asante. Akasema si kitu. Nikamwambia ni kitu, tena kikubwa. Akaangalia pembeni, akasema basi chai ipo.

Jumatano, 9 Julai

Nina meni swichi mpya. Vifaranga wamerudi, tundu nimelipigilia bati. Nahumu alikuja na vijana wake wa kazi bila kuitwa, wakaivingirisha mashine juu ya mabomba hadi kwenye ile kona yake. Fezi tatu halisi! Hakuna kamba, hakuna kuanguka. Unabonyeza tu.

Shafti ya Modesta imeisha kabla ya chakula cha mchana. Nahumu aliitazama kwenye mwanga, akasema hata yeye asingeikereza hivyo. Nimekwenda nyuma ya karakana kidogo. Vumbi la machoni.

Ijumaa, 11 Julai

Mashine ya Modesta inasaga! Wanawake walipiga vigelegele pale mlangoni. Nilimwambia nimechelewa, naomba radhi. Akasema afadhali shafti ya Jumatano kuliko ahadi ya Jumatatu, na akatupatia unga wa kwanza. Tumeusongea ugali pamoja, nyumba mbili. Teodora alicheka mpaka akaegemea ukuta, Nahumu alipoigiza ninavyovuta kamba. Ninaigizwa vizuri.

Nahumu amesema kona ni yangu kwa muda wowote nitakaopenda. Nimejaa shukrani hadi kooni. Nimeamua: hila basi. Umeme ni umeme. Nitakuwa mtu wa kubonyeza tu.

Jumapili, 13 Julai

Kabla ya ibada amenipigia simu Yusto wa Iwawa. Anauza msumeno wa kuchana magogo. Mkubwa kama kitanda! Unataka fezi tatu, ndiyo, lakini nimefikiri wakati wa mahubiri. Kosa la juzi lilikuwa udogo. Mota moja haitoshi. Zikiwa mbili, zikavutwa kwa pikipiki badala ya kamba, umeme hautakuwa na la kusema.

Nimemwambia Yusto aulete Jumanne. Teodora hajui. Nahumu hajui. Watu wema kama hao lazima uwape la kushangaza.

Namshukuru Mungu leo kabisa, mapema, kwa maana Jumanne huenda nikakosa nafasi.